Shule ya Gando na Madarasa Yetu ya Kindu

Watu wengi husifu jengo kama wasifuvyo nguo ya sikukuu: likiwa jipya na bati lang'aa, basi ni zuri. Leo nataka tulipime jengo moja kwa namna nyingine. Ni shule ya msingi ya Gando, katika nchi ya Burkina Faso. Tuone ina sifa gani, ina upungufu gani, na yatufaa nini sisi tukaao Kindu kando ya mto Lualaba.

Aliyeichora ni Francis Kéré, mwana wa kijiji hicho hicho. Utotoni alisoma katika chumba chenye giza na joto kali, watoto wamesongamana, wala hakukisahau. Alikwenda Ujerumani, akajifunza useremala, kisha elimu ya kuchora majengo mjini Berlin. Kabla hajamaliza masomo alichanga fedha, akajenga shule pamoja na wanakijiji, ikamalizika mwaka 2001. Mwaka 2004 ilipata tuzo ya Aga Khan. Mwaka 2022 Kéré mwenyewe alipewa tuzo ya Pritzker, wa kwanza kutoka Afrika kuipata.

Jengo lenyewe likoje? Kuta ni za udongo wa pale pale, uliochanganywa na simenti kidogo na kushindiliwa kwa mashine, bila kuchomwa. Juu yake pana dari ya matofali yenye matundu. Na juu ya dari, mbali nayo, bati limeinuliwa juu ya vyuma, likapita kuta pande zote. Jua lachoma bati, lakini upepo wapita kati ya bati na dari na kuliondoa joto lile lisiwafikie watoto. Hewa ya moto ya darasani nayo yapanda na kutoka katika matundu, na hewa nyingine yaingia madirishani. Kazi hii yote haitaki umeme.

Hapo naona aibu kwa kosa langu mwenyewe. Katika kanisa dogo nilikofundisha katekisimu, halmashauri yetu ilitaka kupunguza gharama. Tukashusha paa, tukafupisha mapaa ya kando, tukaziba nafasi kati ya ukuta na manjanja ili popo wasiingie. Mimi niliinua mkono kukubali. Saa nane za mchana watoto walisinzia, jasho likitiririka juu ya madaftari. Mvua ikinyesha, hakuna aliyesikia neno langu. Mwishowe tulihamia chini ya mwembe, na jengo letu jipya likabaki tupu. Mwembe una kivuli kipana, na upepo wapita chini yake. Tulivyovikata kwenye jengo ndivyo tulivyovifuata nje.

Lakini kusifu si kuiga kila kitu. Gando ni nchi kavu: mvua ina majira yake, na miezi mingine usiku huwa baridi. Ukuta mnene hupoa usiku, na mchana hukawia kupata moto. Kindu tuko karibu na mstari wa Ikweta, hewa yetu ni nzito kwa unyevu, na usiku haupoi sana. Ukuta mnene kwetu waweza kutunza joto la mchana na kulitoa usiku, watu wakiwa wamelala. Kwa hiyo kwetu kivuli na upepo vyatangulia, unene wa ukuta wafuata. Tena mvua zetu zingeula ukuta wa udongo kama hauna msingi wa mawe na paa lililojitokeza mbele sana. Na vyuma vile vya Gando kwetu ni ghali. Sisi tuna mbao ngumu za msitu, maadamu zakingwa na mchwa.

Liko jambo jingine lisiloonekana jengo likiisha: moto uliotumika kulijenga. Tazameni tanuru zetu za matofali, jinsi zinavyokula kuni siku nyingi mfululizo. Simenti nayo huokwa kwa moto wa digrii karibu 1,450, kisha husafirishwa kutoka mbali. Katika dunia nzima, utengenezaji wake hutoa karibu sehemu 8 kwa 100 za hewa ya ukaa itokayo katika kazi za wanadamu. Gando haikuiacha simenti kabisa, ila iliitumia kwa kiasi. Hiyo kwangu ni sifa kubwa kuliko tuzo zake zote.

Basi kabla ya kujenga tena, tupime. Wekeni kipimajoto kimoja katika darasa lenye dari na kingine katika lisilo na dari, mwandike hesabu saa nane kwa juma zima. Hesabuni mizigo ya kuni iliyoingia tanuruni, na lita za mafuta ziliwazo na jenereta kwa ajili ya feni. Halafu elekezeni kuta ndefu kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi tu. Acheni matundu juu ya kuta. Popo watazuiwa kwa wavu. Jengo la zamani lisibomolewe: litiwe dari, lipanuliwe barza, bati lenye kutu lipakwe rangi nyeupe.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, namba 180, alitaja pia kujenga na kutengeneza nyumba zisizopoteza nguvu. Neno hilo lawahusu maaskofu, lawahusu pia wajumbe wa halmashauri ya mtaa wanaobishana juu ya idadi ya mbao. Ndugu zangu, mkutano ujao ukisema paa lishushwe ili tuokoe fedha, msiinue mkono upesi kama nilivyofanya mimi. Ingieni kwanza katika darasa la bati saa nane za mchana, mkae na watoto muda wa somo moja, ndipo mrudi kupiga kura.