Mizani au Mshiko? Uhakiki wa Usanifu wa Breki ya Msuguano kwa Mabehewa ya Reli Moja, kutoka Ballybunion hadi Pendekezo la Manchester na Liverpool

Ikisiri

Makala haya yanahakiki usanifu wa breki ya msuguano kwa mabehewa ya reli moja. Yamejikita katika mfumo wa Lartigue uliotumika Ireland kuanzia 1888 hadi 1924, na katika pendekezo la F. B. Behr la kuunganisha Liverpool na Manchester kwa mwendo wa maili 110 kwa saa. Hoja kuu ni kwamba mjadala kuhusu reli moja umetawaliwa na suala la mizani ya behewa, ilhali hesabu sahili zinaonesha kuwa, wakati wa kufunga breki, mizani ni tatizo dogo na mshiko kati ya gurudumu na reli ndio tatizo kubwa. Inahitimishwa kuwa mashaka ya wakaguzi wa Uingereza yalikuwa na msingi, na kwamba kanuni ya kuyajibu ilikwishatumika kwingine.

1. Utangulizi

Neno "reli" katika Kiswahili hubeba maana mbili: pau la chuma linalopitiwa na gurudumu, na njia nzima ya treni. Kwa sababu hiyo, "reli moja" huweza kudhaniwa kuwa ni njia moja ambayo treni zinazokwenda na kurudi hupishana stesheni. Katika makala haya, istilahi hiyo ina maana ya mfumo ambao uzito wote wa behewa hubebwa na pau moja tu.

Hata fasili hii haikosi utata. Njia ya Ballybunion ilikuwa na reli moja ya kubebea mzigo juu ya viunzi na nyingine mbili nyembamba ubavuni za kuzuia behewa lisiyumbe. Muundo wa Behr ulikuwa na reli za kuongozea mbili kila upande, yaani reli tano kwa jumla. Wakosoaji wamezitumia hesabu hizi kuikejeli reli moja. Hata hivyo, jambo la kuhakikiwa ni kama reli hizo zingeweza kutumika kusimamisha behewa.

2. Usuli

Charles Lartigue, mhandisi Mfaransa, anatajwa kuwa alipata wazo lake Algeria kwa kuwatazama ngamia waliobeba mizigo miwili iliyolingana, mmoja kila ubavu. Behewa lake lilikaa juu ya reli mfano wa shogi juu ya mgongo wa punda: abiria upande huu na upande ule, na kitovu cha uzito chini ya usawa wa reli. Njia ya Listowel na Ballybunion katika jimbo la Kerry, yenye urefu wa takriban kilomita 14, ilifunguliwa mwaka 1888. Vichwa vyake vya treni vilivyoundwa na kampuni ya Hunslet vilikuwa na matangi mawili ya mvuke, moja kila upande, ili mizani isiharibike.

Masimulizi yanayorudiwa mno kuhusu njia hiyo yanahusu mizani. Inasemwa kuwa aliyetaka kusafirisha ng'ombe alilazimika kumsawazisha kwa ndama wawili upande wa pili, kisha ndama hao wakarudishwa mmoja huku na mmoja kule. Kisa hiki kinafurahisha, na pengine ndiyo sababu kimeziba njia ya maswali mazito zaidi.

Behr, aliyehusika na mradi wa Ballybunion, aliuendeleza mfumo huo kwa umeme. Mwaka 1897 alijenga njia ya majaribio Tervuren, karibu na Brussels, wakati wa maonesho ya kimataifa. Mwaka 1901 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuruhusu njia yake kati ya Manchester na Liverpool, safari iliyokusudiwa kuchukua dakika 20. Njia hiyo haikujengwa. Mtaji ulikuwa mgumu kupatikana, na Bodi ya Biashara ya Uingereza ilikuwa na mashaka kuhusu uwezo wa breki kwa mwendo huo.

Mashaka hayo hayaeleweki bila kukumbuka ajali ya Armagh ya tarehe 12 Juni 1889. Treni ya matembezi ilishindwa kupanda mlima, ikagawanywa, na mabehewa ya nyuma yakaserereka kurudi yalikotoka, kwa kuwa breki yake ilipoteza nguvu mara tu mabehewa yalipoachanishwa na injini. Watu takriban 80 walikufa, wakiwemo watoto. Mwaka huohuo sheria ililazimisha treni za abiria kuwa na breki inayofanya kazi katika mabehewa yote na kujifunga yenyewe treni ikikatika. Kwa wakaguzi wa 1901, basi, breki ilikuwa suala lililokwishalipiwa kwa maisha ya watu.

3. Hoja ya mizani

Hofu ya kwanza ni kwamba breki ikifungwa kwa nguvu, behewa lililokaa juu ya pau moja litapinduka au kupinda. Hofu hii inafaa kupimwa kwa hesabu. Tuchukue behewa la mfano lenye tani 40, linalopunguza mwendo kwa mita 1 kwa sekunde kila sekunde. Kani ya breki ni kilonyutoni 40, nayo hufanya kazi kwenye usawa wa reli. Ikiwa kitovu cha uzito kiko nusu mita chini ya reli, na magurudumu ya mbele na ya nyuma yamepishana mita 10, uzito unaohama ni kilonyutoni 2 tu, yaani nusu ya asilimia moja ya uzito wa behewa. Jambo la kuzingatiwa ni mwelekeo: katika behewa la kawaida uzito huhamia magurudumu ya mbele, lakini katika behewa la shogi huhamia ya nyuma. Msanifu anayenakili mgawanyo wa breki kutoka reli mbili bila kufikiri atakuwa ameugeuza, ingawa kosa lake litakuwa dogo.

Upande nao una hesabu yake. Tuseme abiria wamekaa vibaya hata kitovu cha uzito kimesogea sentimita 20 kutoka mstari wa reli. Breki itataka kulizungusha behewa kwa kilonyutonimita 8. Magurudumu ya kuongozea yaliyopishana mita 10 yatalizuia kwa chini ya kilonyutoni 1 kila mwisho. Reli za ubavuni zilizokejeliwa zinaimudu kazi hiyo kwa urahisi.

Kwa hiyo, hoja ya mizani, iliyobeba sehemu kubwa ya lawama dhidi ya reli moja, haina uzito mbele ya breki. Ng'ombe na ndama wake ni tatizo la kupakia mizigo. Si tatizo la kusimamisha treni.

4. Mshiko, mwendo na joto

Breki ya msuguano ya kawaida hukandamiza kiatu cha chuma juu ya gurudumu. Hata hivyo, kiatu hakisimamishi treni; kinachoisimamisha ni reli, kupitia mshiko wake na gurudumu. Mshiko huo hauwezi kuzidi sehemu fulani ya uzito uliokalia gurudumu: takriban sehemu 0.2 au zaidi kidogo reli ikiwa kavu, 0.1 ikiwa na unyevu, na 0.05 au chini yake ikiwa na mafuta au majani yaliyopondeka.

Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, mshiko wa 0.05 husimamisha behewa ndani ya takriban mita 71. Kwa kilomita 177 kwa saa, ambazo ndizo maili 110 za Behr, umbali ni takriban mita 616 kwa mshiko wa 0.2, mita 1,232 kwa 0.1, na karibu kilomita 2 na nusu kwa 0.05. Ikiwa dereva atachelewa sekunde mbili kabla ya kuanza kufunga, behewa litakuwa limekwenda mita 98 zaidi. Mwendo umezidishwa mara sita hivi, lakini nishati mwendo imezidishwa karibu mara 35. Inafuata kwamba miaka 36 ya Ballybunion haiwezi kutolewa kuwa ushahidi wa usalama wa Manchester na Liverpool. Njia ile ilikuwa salama kwa sababu ilikwenda polepole.

Tatizo la pili ni tabia ya msuguano wenyewe. Majaribio ya Kapteni Douglas Galton na George Westinghouse ya 1878 na 1879 yalionesha kuwa uwiano wa msuguano kati ya kiatu cha chuma cha kusubu na gurudumu la feleji hushuka mwendo unapopanda: kutoka takriban 0.33 gurudumu linapokaribia kusimama na 0.24 kwa maili 10 kwa saa, hadi takriban 0.07 kwa maili 60. Matokeo haya yanambana msanifu pande mbili. Ili apate kani ya breki iliyo sawa na sehemu moja ya kumi ya uzito kwa maili 60, lazima akandamize kiatu kwa kani inayozidi uzito huo mara 1.4. Akiacha mkandamizo huohuo hadi maili 10, kani ya breki itafika 0.34 ya uzito, kiwango ambacho mshiko wa reli hauwezi kukihimili. Gurudumu litafunga na kuteleza, na Galton alionesha pia kuwa gurudumu linaloteleza husimamisha vibaya kuliko linalozunguka. Mkandamizo, basi, hauna budi kupunguzwa kadiri mwendo unavyopungua. Kwa maili 110 hata jedwali la Galton halifiki.

Tatizo la tatu ni joto. Behewa la tani 40 katika mwendo huo lina nishati ya takriban megajuli 48, joto la kutosha kuchemsha lita 140 hivi za maji yaliyokuwa na nyuzi 20. Joto hilo lazima litoke ndani ya dakika moja. Hapa reli moja ina upungufu wake halisi. Ekseli ya reli mbili ina magurudumu mawili ya kugawana joto. Ekseli ya reli moja ina gurudumu moja. Mshiko wa jumla haupungui, kwa kuwa uzito ni uleule, lakini kila gurudumu hubeba joto maradufu.

5. Reli kama kiungo cha breki

Udhaifu mkubwa wa mjadala wa wakati huo ni kuichukulia breki kuwa mali ya behewa, na reli kuwa sakafu tu. Mfumo wa John Barraclough Fell ulikwishaonesha njia nyingine. Katika mfumo huo, reli ya tatu iliyoinuliwa katikati ya mbili za kawaida hubanwa ubavuni. Ulitumika Mont Cenis kati ya 1868 na 1871, katika mteremko wa Rimutaka, New Zealand, kuanzia 1878 hadi 1955, na mlima wa Snaefell, Isle of Man, kuanzia 1895.

Reli ya Lartigue imeinuliwa hewani juu ya viunzi, na mbavu zake zinafikika. Kwa breki ya kubana, hakuna umbo linalofaa zaidi. Kwa behewa lile la tani 40, na uwiano wa msuguano wa 0.15, mataya yanayobana kwa kilonyutoni 133 kila upande yangetoa kilonyutoni 40 zinazohitajika. Tofauti na breki ya gurudumu ni ya msingi. Uzito wa behewa hauongezeki dereva atakapo, ila mbano huongezeka. Mvua ikipunguza msuguano, mbano mkubwa zaidi unaweza kufidia.

6. Pingamizi

Suluhisho hili lina gharama zake. Kwanza, viatu vya Rimutaka vilichakaa upesi na kubadilishwa mara kwa mara, tena kwa mwendo wa polepole wa mlimani. Hakuna msingi wa kudhani kuwa vingestahimili maili 110 kila safari. Pili, maungio ya reli yangelazimika kuwa laini ubavuni kama yalivyo juu. Tatu, kani yote ya kusimamisha huishia katika viunzi. Kiunzi chenye umbo la A ni imara kwa kusukumwa kutoka ubavuni, lakini kwa urefu wa njia huhitaji mihimili ya ziada. Kwa hiyo breki ya kubana reli ingefaa kuwa ya dharura, huku ya magurudumu ikifanya kazi za kila siku.

Inaweza pia kudaiwa kuwa njia ya kuning'inia ya Wuppertal, iliyofunguliwa mwaka 1901 na inayotumika hadi leo, inakanusha uhakiki huu, kwa kuwa imedumu bila mwendo wa Behr wala breki ya Fell. Ukweli ni kwamba inauthibitisha: watu wa Wuppertal walichagua mwendo ambao mshiko wa gurudumu la feleji unaumudu. Upande mwingine, treni za reli moja za Seattle, zilizoanza mwaka 1962 zikiwa na matairi ya mpira yenye mshiko mkubwa kuliko feleji, hazikuepuka hatari. Tarehe 31 Mei 1971 breki za mojawapo zilishindwa, ikagonga kizuizi cha mwisho wa njia, na watu 26 wakajeruhiwa. Mshiko mzuri haufai kitu ikiwa chombo cha kuutumia ni kimoja nacho kimeharibika.

7. Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kuwa kigezo cha mizani, kilichozoeleka katika kuihukumu reli moja, hakitoshi. Katika kufunga breki, kuhama kwa uzito na kupinda kwa behewa ni mambo madogo yanayodhibitiwa na reli za kuongozea. Mambo makubwa ni umbali wa kusimama, kubadilika kwa msuguano kadiri ya mwendo, na joto linalorundikana katika magurudumu machache.

Kwa kigezo hicho, Lartigue anastahili sifa kwa njia iliyolingana na mwendo wake. Behr anastahili lawama, si kwa kuthubutu, bali kwa kupandisha mwendo mara sita katika mfumo ambao usalama wake ulitokana na upole wa mwendo. Bodi ya Biashara, ambayo mara nyingine huonekana kikwazo cha maendeleo, iliuliza swali lililostahili kuulizwa. Aliyepaswa kulijibu alikuwa na jibu karibu yake: pau lilelile lililobeba behewa lingeweza pia kulishika.