Ukuta Uliotangulia Karatasi

Mwaka 1953 Faber and Faber ya London ilichapisha kitabu cha Hans Cory kuhusu michoro ya ukutani ya wacheza na nyoka wa Tanganyika. Cory, mzaliwa wa Vienna, alikuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni. Michoro hiyo ilikuwa ndani ya nyumba za Bayeye, chama cha siri cha Wasukuma, ambao nchi yao leo imegawanyika kati ya mikoa kama Shinyanga, Mwanza, Simiyu na Geita. Kuna nyoka, watu na viumbe wa masimulizi, kwa rangi chache tu.

Kitabu hiki husifiwa kwa kuokoa kilichokuwa kikipotea. Ni sifa ya haki, ila haitoshi.

Raphael alipoandaa picha za miungu ya Kirumi kwa ajili ya dari la Villa Farnesina, Roma, mnamo 1517, alianza kwenye karatasi, kwa chaki nyekundu. Lipu mbichi haimsubiri mtu. Ikikauka, mchoraji amechelewa. Ndiyo maana karatasi zake zinahangaika, zikitafuta ukuta ambao bado haujapakwa. Karatasi ya Cory haitafuti chochote. Ukuta ulitangulia, yenyewe ikafuata.

Na ukuta ule haukuwa wa kila mpita njia. Uliuona ukishakubaliwa na chama, ukiwa na wa kukueleza. Kitabuni nyoka amelala juu ya ukurasa mweupe, bila kiza cha nyumba, bila mwalimu. Hapo neno "miungu" hutuponyoka upesi. Lakini kwa Wasukuma Mungu ni mmoja, na wanaotambikiwa ni masamva, mizimu ya wahenga. Anayeona umbo la ajabu akaliita mungu anausoma ukuta wa Usukuma kwa macho ya Roma.

Basi tukifungie kabatini? Hapana. Kijana anayepaka matangazo ya soda kwenye kuta za Kahama na Geita anao ukuta na anao mkono. Kitabu cha Cory kinaweza kuwa mchoro wake wa maandalizi, kwa sharti moja: kabla ya kushika brashi, awaulize wazee kipi kinaruhusiwa kukaa hadharani. Wakimkatalia nusu, nusu watakayomruhusu itakuwa na kitu ambacho kitabu kizima hakina: ruhusa.