Nani kasema Kirusi hakina 'kuwa'?

Sahibu yangu aliyesomea Moscow hushikilia kwamba Kirusi hakina kitenzi 'kuwa'. Ati Mrusi husema tu 'ya vrach', yaani 'mimi daktari'. Dai hilo halina mashiko. Sisi nasi husema 'mimi ni daktari' bila 'kuwa', ila katika wakati uliopita husema 'nilikuwa'. Mrusi naye husema 'ya byl', na mwanamke 'ya byla'.

Mbona kitenzi kibainishe jinsia wala si nafsi? Hapo ndipo pana uhondo! Awali 'byl' ilifanya kazi kama kivumishi. Nafsi ilibebwa na kitenzi kisaidizi chenye mzizi mwingine, 'jes-', ndugu wa 'est' ya Kilatini. Katika lugha nyingine za Kislavi kingalipo: Mcheki husema 'byl jsem', Mserbia 'bio sam'. Mpolandi amekimeza, kikabaki kijimkia '-em' katika 'byłem'. Mrusi alikitupa, ndipo akalazimika kutamka 'ya', mimi.

Tena hakukitupa chote. Akisema ana gari, 'u menya yest mashina', hiyo 'yest' ndiyo masalia yake. Sahibu yangu huitamka kila siku.