Umbo Linaloanzia Kwenye Ufa: Uhakiki wa Sakafu ya Zege la Nyuzi za Chuma

Zege hustahimili kubanwa kuliko kuvutwa, na pengo kati ya sifa hizo mbili ni kubwa: nguvu yake ya mvutano ni takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu yake ya mgandamizo. Kila namna ya kuliziba pengo hilo ina mtindo wake. Nondo ni mtindo wa mstari. Mhandisi hukadiria mahali mvutano utakapojitokeza, kisha huagiza chuma kilazwe hapo, kwa kina hiki na nafasi hii. Nyuzi za chuma ni mtindo wa mtawanyiko: huchanganywa na kokoto, mchanga na saruji tangu kwenye mikisa, zikaenea kila upande wa zege bila kuchagua mahali. Katika ghala au kiwanda, ambako foklifti hupita popote na rafu huhamishwa biashara inapobadilika, mtindo wa pili una hoja nzito zaidi, kwa kuwa mzigo wenyewe hauna makao. Tena wavu wa nondo, ule ambao mafundi wetu huuita BRC, hukanyagwa wakati wa kumwaga zege na kuzama, ukaishia chini kabisa ilhali mchoro uliuweka juu.

Tuanze na kipashio kidogo kuliko vyote. Uzi mmoja wa aina inayotumika sana sakafuni una urefu wa milimita 60 na kipenyo cha milimita 1, na uzito wake haufiki nusu gramu. Kilo 30 katika mita moja ya ujazo, kiwango cha kawaida kwa kazi hii, ni nyuzi zipatazo 80,000, ambazo zikiungwa ncha kwa ncha hukaribia kilomita 5, na bado ujazo wake ni chini ya asilimia 0.4 ya zege lote. Punguza kipenyo hadi milimita 0.75 bila kugusa urefu wala uzito, na idadi hupita 140,000. Uwiano huu wa urefu kwa kipenyo, ambao napendekeza tuuite ukondefu, ndio unaotawala utunzi mzima. Ukondefu ukipanda, nyuzi nyingi zaidi huvuka kila ufa. Ukipanda mno, nyuzi hushikana na kufanya mafundo ndani ya mikisa. Suluhisho mojawapo linapendeza kwa urahisi wake: nyuzi hugandishwa pamoja kwa gundi, zikapangana kama pini za stepula, kisha huachana pale maji ya zege yanapoiyeyusha gundi hiyo.

Hata hivyo, ustadi mkubwa umo kwenye ncha. Kila ncha imekunjwa kidogo kuwa ndoano, na waya wenyewe una nguvu ya mvutano inayozidi megapaskali 1,000. Nguvu yote hiyo ni ya nini, ikiwa zege linaloizunguka ni dhaifu kiasi kile? Jibu ni kwamba uzi haukusudiwi kukatika. Umekusudiwa kuchomoka polepole, ndoano ikinyooka hatua kwa hatua ndani ya mfereji wake mwembamba, na ni kazi hiyo ya kunyooshwa na kuburutwa inayoumaliza ufa nguvu. Uzi unaokatika ghafla umeshindwa. Uzi unaochomoka kwa shida umetimiza wajibu wake.

Mahali pa kuisomea hoja hii kwa makini ni grafu ya mtihani wa boriti, kama ulivyowekwa na kiwango cha Ulaya EN 14651. Boriti yenye upana na kimo cha milimita 150 hukatwa chale ya kina cha milimita 25 upande wa chini, kisha hukandamizwa katikati kutoka juu, huku upana wa mdomo wa chale ukipimwa. Zege tupu lina habari fupi: mstari hupanda, hufika kilele, huporomoka. Zege la nyuzi, kwa viwango vya sakafuni, hupanda karibu kwa njia ileile na kufika kilele kisichopishana sana na kile cha kwanza, jambo ambalo wauzaji wengine hulipitia haraka. Tofauti huanzia hapo. Mstari hushuka, lakini hutulia, ukaendelea kubeba mzigo ufa ukiwa na upana wa milimita 0.5, kisha 1.5, kisha 2.5, hadi 3.5. Nguvu-baki hiyo ndiyo fani ya zege hili. Kabla ya ufa, nyuzi ziko kimya.

James Romualdi na Gordon Batson walipochapisha mwaka 1963 utafiti wao juu ya kuzuia nyufa kuenea ndani ya zege, msisitizo ulikuwa hapo hapo, kwenye ufa. Miaka ya 1970 baadhi ya viwanja vya ndege vya Marekani vilimwagiwa matabaka ya zege la nyuzi juu ya njia za zamani, na kwingine ushupavu wa nyuzi ukachukuliwa kuwa kibali cha wembamba. Bamba jembamba lenye saruji nyingi na maungio yaliyoachana mno hukauka juu kabla ya chini. Pembe hunyanyuka, na magurudumu huzivunja. Huko kulikuwa kulisoma umbo vibaya, maana kujikunja kwa bamba hutokana na tofauti ya ukavu, na nyuzi hazikuahidi kuiondoa.

Usomaji sahihi zaidi ulipatikana katika hesabu. Nadharia ya Westergaard ya mwaka 1926 huliona bamba kama kitu kinyumbufu, na kwake ufa wa kwanza ndio kikomo. Meyerhof, mwaka 1962, alilichukulia bamba lililolala ardhini kuwa na akiba baada ya hapo. Chini ya mguu wa rafu, nyufa hutokea kwanza upande wa chini, zikisambaa kutoka kwenye mzigo. Nyuzi huzishikilia, na mzigo hugawanywa kwa eneo pana zaidi. Kikomo huhesabiwa pale ufa wa mviringo unapokaribia kutokea juu. Kwa hiyo sakafu nzima kwa macho huweza kuwa imekwisha kupasuka kwa chini, na ikawa inafanya kazi kama ilivyobuniwa.

Kuhusu sakafu zisizo na mikato, zenye vipande vya mita 30 na zaidi kila upande, nazipenda, lakini jina lao limezidi ukweli. Zege lisilokatwa kila mita 6 bado husinyaa, na msinyao wote hukusanyika pembezoni, kwenye kiungo kipana kinachohitaji kingo za chuma. Nguzo pia lazima zitengwe na bamba, na pembe zinazoingia ndani ziongezewe nondo, kwa kuwa hapo ndipo ufa huanzia.

Basi, msomaji mwenzangu, ukipokea kazi ya namna hii usiridhike na matokeo ya mchemraba wa mgandamizo. Dai grafu ya boriti, uisome kuanzia kilele kwenda kulia.