Mohamed yupi? Orodha ya marejeleo ya insha moja

Mohamed (1976) na Mohamed (1980) si mtu mmoja. Wa kwanza ni Mohamed Suleiman Mohamed, aliyeandika Nyota ya Rehema. Wa pili ni Said Ahmed Mohamed, aliyeandika Utengano. Wote wawili ni Wazanzibari, na katika riwaya hizo wote wanamfuatilia mwanamke anayeonewa na watu wake mwenyewe. Mwanafunzi anayeandika insha kuhusu mwanamke katika riwaya ya Kiswahili hawezi kumwacha hata mmoja. Akifuata kanuni kama alivyoikariri, yaani jina la mwisho, mwaka, basi, msomaji atadhani mwandishi mmoja alitoa riwaya mbili ndani ya miaka minne, na hoja yoyote kuhusu mtindo wa "Mohamed" itakuwa imeharibika kabla haijaanza.

Naichukua insha hiyo nionyeshe jinsi orodha ya marejeleo inavyoundwa, kwa sababu vitabu vya mwongozo tunavyotumia vyuoni viliandikwa kwa majina ya watu wengine na vitabu vya aina nyingine. Tuseme mwanafunzi ana vyanzo sita: riwaya hizo mbili, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Utendi wa Mwana Kupona, Kamusi ya Kiswahili Sanifu, na mahojiano aliyofanya na bibi mmoja kijijini kwao kuhusu nyimbo za unyago. Kazi yake kubwa ni kuamua, katika kila chanzo, mambo matatu: huyu ni nani, huu ni mwaka gani, na hii ni nakala ipi. Nukta na mkato havina ugumu wowote.

Kwa Mohamed wawili, ufumbuzi ni mwepesi. Ndani ya insha wanaandikwa pamoja na herufi za majina yao ya mwanzo: M. S. Mohamed (1976) na S. A. Mohamed (1980), kila wanapotajwa, hata pale ambapo mwaka peke yake ungetosha kuwatofautisha. Katika orodha, Mohamed, M. S. anatangulia Mohamed, S. A. Mtindo wa marejeleo wa APA wenyewe unaagiza hivyo waandishi wanapolingana jina la mwisho, lakini kanuni hiyo imejificha ndani kiasi kwamba wanafunzi wengi hawaifikii.

Kezilahabi hana tatizo la jina. Tatizo lake, sawa na la Utengano, ni nakala. Riwaya inayosomwa shuleni na vyuoni kwa miongo hupigwa chapa tena na tena. Ukubwa wa herufi hubadilika, pambizo hubadilika, na maneno yaliyokuwa uk. 40 yanahamia uk. 52. Mwanafunzi ananukuu kutoka nakala mpya aliyoinunua dukani, anaandika 1971 kwa kuwa ndio mwaka anaousikia darasani, na mhadhiri mwenye nakala ya zamani anafungua ukurasa uliotajwa asikute kitu. Hapo mwanafunzi mwaminifu anaonekana mwongo. Dawa ni kuandika mwaka wa nakala iliyo mkononi, na mwaka wa kwanza kuuweka katika mabano mraba kando yake. Namba za kurasa zitoke katika nakala hiyo hiyo tangu mwanzo wa insha hadi mwisho.

Taarifa hizi hupatikana nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, mahali palipochapwa haki ya kunakili, mchapishaji na miaka ya matoleo. Ukurasa huo ndio unaokosekana mara nyingi. Wanafunzi wetu husoma kopi: mmoja anaazima kitabu maktabani, anapeleka stesheneri sura mbili zinazohitajika, na kopi zinagawanywa kwa darasa zima. Miezi mitatu baadaye hakuna anayejua sura hizo zilitoka toleo lipi. Ninawasihi wanaotoa kopi walipie kurasa mbili za ziada, ule wa jina la kitabu na wa nyuma yake. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na usiku mzima wa kutafuta mwaka wa kitabu ambacho kimesharudishwa.

Utendi wa Mwana Kupona unataka fikra zaidi. Mwana Kupona binti Msham, mwanamke wa Pate, alimtungia binti yake utendi huu mwaka 1858. Alice Werner na William Hichens waliuhariri na kuuchapisha mwaka 1934. Basi mwanafunzi aliyesoma beti zake katika kitabu cha Werner na Hichens amtaje nani? Ukiandika Werner na Hichens (1934) peke yake, umewapa wahariri kazi ya mshairi. Ukiandika Mwana Kupona (1858) peke yake, unadai umeshika muswada ambao hujauona. Mimi ningeandika Mwana Kupona binti Msham (1934 [1858]), halafu jina la utendi, halafu majina ya wahariri yakifuatwa na kifupisho wah. Haki ya kila mmoja inabaki, na anayetaka kuukagua ubeti anajua aende kwenye kitabu gani.

Angalia pia kwamba sikulipindua jina lake. Kuandika "Msham, M. K." ni kumweka binti chini ya jina la baba yake kana kwamba ni jina la ukoo, na msomaji anayemtafuta Mwana Kupona hatakwenda kumwangalia chini ya jina hilo. Herufi ni M ile ile, ila mahali pake ni kwenye Mwana, si kwenye Msham. Shaaban Robert ametuletea mgogoro wa namna hii kwa miaka mingi. Katika orodha nyingi ni Robert, S., katika nyingine anabaki Shaaban Robert, na diwani yake inajulikana kwa jina lake la kwanza, Diwani ya Shaaban. Naona njia zote mbili zinatetewa vizuri. Lisilotetewa ni kuzichanganya ndani ya orodha moja, ambako kitabu kimoja chake kinakaa kwenye R na kingine kwenye S.

Kamusi inaonekana rahisi, kumbe ndiyo inayokosewa zaidi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981 ikiwa kazi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Toleo la pili lilitoka 2004. Mwaka 2009 TUKI ikageuka kuwa TATAKI, na toleo la tatu likatoka 2013. Kwa hiyo TUKI (1981) na TATAKI (2013) ni matoleo ya kamusi moja chini ya majina mawili ya taasisi, na mwanafunzi asijaribu kuyasahihisha kwa kuandika TATAKI (1981). Mwandishi anatajwa kwa jina lililo kwenye nakala. Toleo litajwe bila kukosa, kwa kuwa fasili hurekebishwa na maneno huongezwa, na hoja inayosimama juu ya fasili ya mwaka 1981 inaweza isikutwe katika kitabu cha 2013.

Kuhusu mitindo yenyewe sina mengi. Utaratibu wa jina na mwaka katika mabano hunasibishwa na Edward Laurens Mark, mwanazuolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeutumia mwaka 1881 katika makala kuhusu mayai ya konokono asiye na gamba. Ndiyo asili ya jina la mtindo wa Harvard, lakini mtindo huo hauna mwongozo mmoja rasmi, na ndiyo maana idara mbili za chuo kimoja zinaweza kudai koma mahali tofauti na zote zikasema ni Harvard. APA ina kitabu chake, na toleo lake la saba la mwaka 2019 limeondoa mji wa uchapishaji. Idara nyingi za Kiswahili bado zinautaka mji, Nairobi au Dar es Salaam, kabla ya jina la mchapishaji. Mwanafunzi aulize idara yake mapema, kisha asibadilishe.

Programu za kupanga marejeleo, kama Zotero iliyoanza mwaka 2006, zinasaidia sana, ila nyingi huchukua neno la mwisho kuwa jina la ukoo. Ukiziachia, zitakutengenezea "Msham, M. K." Zotero ina nafasi ya kuandika jina zima katika kisanduku kimoja bila kulipindua, itumie. Programu za akili mnemba ni hatari ya aina nyingine, kwani hubuni. Mwaka 2023, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca huko New York, mawakili walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu ambazo hazikuwahi kutolewa, zilizotungwa na ChatGPT. Katika insha yetu, programu kama hiyo yaweza kuunganisha jina la mtaalamu wa kweli na makala ambayo hajaiandika. Chanzo ambacho hujakifungua kisiingie katika orodha yako.

Amebaki bibi wa kijijini. APA huyahesabu mahojiano kuwa mawasiliano binafsi: yanatajwa ndani ya insha, hayaingii katika orodha, kwa hoja kwamba msomaji hawezi kuyafikia. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi hoja hiyo inaumiza, kwa maana nyimbo alizoimba bibi huyu ndizo matini, na hakuna kitabu kilichozihifadhi. Njia ninayoikubali ni kuongeza, baada ya marejeleo, orodha ya wasailiwa yenye jina au utambulisho aliouridhia mwenyewe, mahali, tarehe ya mazungumzo, na maelezo ya mahali sauti iliyorekodiwa ilipohifadhiwa. Ridhaa yake iombwe kabla ya kinasa sauti kuwashwa, na aulizwe waziwazi kama anataka jina lake liandikwe. Wapo wanaokataa, maana nyimbo za unyago si za kila sikio. Wapo pia wanaotaka jina lao kamili, na la mama aliyewafundisha.