Kadi Arobaini Mezani

Mezani palikuwa na kadi arobaini, kila moja imeandikwa jambo moja kwa kalamu nyeusi: kulipa bili, kuripoti bomba lililopasuka, kusomewa mita. Ilikuwa kazi ya kupanga upya tovuti ya mamlaka moja ya maji, nami nilikuwa mtazamaji tu. Mama mmoja mwenye nyumba ya kupangisha alialikwa azigawe kadi mafungu kadiri aonavyo yeye. Akaokota ile ya "Maunganisho mapya", akaigeuza mbele na nyuma.

"Mwanangu, haya ni maunganisho ya nini?"

Binti aliyeongoza kazi angeweza kumweleza kwa sentensi moja. Hakumweleza. "Wewe mama unaonaje?"

Mama akasema labda ni mambo ya ofisi kwa ofisi, akaiweka pembeni. Baadaye akauliza mbona hakuna kadi ya kuvutiwa maji, maana hilo ndilo lililomsumbua mwaka mzima. Binti akafungua daftari, akaandika maneno mawili: kuvutiwa maji.

Hapo nikaanza kuiheshimu kazi hii. Wengi hudhani ufundi wa tovuti ni rangi na picha, lakini anayepanga muundo wake ni ndugu wa mwenye duka la mtaani, anayejua kwamba anayekuja kuchukua majani ya chai atauliza na sukari. Hakuna apangaye duka kwa majina ya viwanda. Tovuti ile ya zamani ilipangwa hivyo hasa: kurugenzi hii, kitengo kile. Aliyepasukiwa na bomba mlangoni alitakiwa kwanza ajue bomba lake liko chini ya mkurugenzi yupi.

Ufundi wenyewe si wa jana. Mwaka 1998 Louis Rosenfeld na Peter Morville walitoa kitabu kuuhusu, chenye dubu jaladani. Ila mfano ninaoupenda zaidi ni wa Uingereza. GOV.UK ilipozinduliwa Oktoba 2012 kuchukua nafasi ya Directgov na Business Link, kanuni ya kwanza ya wabunifu wake ilikuwa kuanza na mahitaji ya mtumiaji. Maelezo ya namna ya kufuga nyuki yaliachwa nje, kwani wapo wanaoyajua nyuki kuliko serikali. Fungua ukurasa wake wa sikukuu za mapumziko: tarehe ya sikukuu inayofuata iko juu, kwa herufi kubwa. Historia ya sikukuu haipo, salamu za waziri hazipo. Mtu amekuja kuuliza "lini?", naye amejibiwa kabla hajakaa sawa. Kupunguza namna hiyo kunataka moyo mgumu, maana kila sentensi inayoondolewa ina mwenyewe ofisini.

Kwetu kazi haikuishia kwenye kadi. Wiki mbili baadaye binti alirudi na menyu tupu, maneno matupu bila nembo wala rangi, ili mtu asisaidiwe na chochote isipokuwa jina la kitu. Akamkalisha mzee mmoja. "Mzee wangu, umenunua nyumba, lakini bili bado inakuja kwa jina la mwenye nyumba wa zamani. Ungebonyeza wapi?"

Kidole cha mzee kikaenda kwenye "Mita". Kikarudi. Kikaelea juu ya "Huduma kwa wateja", kikasita, kikarudi tena kwenye "Mita". Mimi nilikaribia kumnong'oneza. Binti alikuwa kimya, macho kwenye kile kidole, kama mvuvi anayesikiliza mshipi. Kwake kosa halikuwa la mzee bali la menyu, na kila kidole kiliposita aliandika ni wapi.

Watu wanne walipopotea njia ile ile, jambo hilo lilihamishiwa chini ya "Bili na malipo", likaitwa "Kubadilisha jina kwenye bili". Neno "ankara", ambalo ofisi ililipenda sana, likaachwa. Kati ya wote walioketi pale, hakuna aliyelitamka hata mara moja.

Salamu za mkurugenzi bado zimo, mwisho kabisa wa ukurasa, na picha yake. Neno la kwanza kwenye menyu ni "Kuvutiwa maji".