Rangi ya Tembo wa Tsavo

Tembo wa Tsavo ni wekundu. Hawakuzaliwa hivyo. Ngozi yao ni ya kijivu kama ya tembo wengine, ila hujirushia udongo mwekundu wa kule na kugaagaa kwenye matope yake mpaka wanafanana na tofali. Tembo wa Amboseli, nao ni majirani, wamepauka kwa vumbi la ziwa lililokauka. Sasa chukua picha ya tembo wa Tsavo, uifungue kwenye programu ya kuhariria, ubonyeze kitufe cha kusawazisha rangi. Huenda tembo akarudi kuwa wa kijivu hapo hapo. Programu imeona wekundu mwingi, ikadhani kamera imekosea. Haijafika Tsavo.

Hapo ndipo ninapoipendea kazi ya kuhariri picha za wanyama na mandhari. Vitufe vyake mtu hujifunza kwa mchana mmoja: mwanga, kivuli, joto la rangi, kukata kingo. Kinachochukua miaka ni kuujua udongo, kujua jua la saa kumi na mbili asubuhi linavyotua juu ya nyasi kavu, kujua kinda la heroe wa Ziwa Natron ni la kijivu na kwamba rangi ya waridi humjia baadaye kwa chakula anachokula. Asiyeyajua haya akiongeza rangi, huiongeza kila mahali.

Wapo wanaoamini kuwa picha isiyoguswa ndiyo ya kweli. Nawaelewa, lakini picha ya namna hiyo haipo. Kihisio cha kamera nyingi kimefunikwa vichujio vidogo vya rangi, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak katika miaka ya 1970. Kila nukta hupokea rangi moja tu, nyekundu, kijani au bluu, na nusu ya nukta zote ni za kijani; rangi mbili ambazo nukta haikuzipokea hukokotolewa. Usipoihariri picha wewe, imeshahaririwa na kanuni ya mtengenezaji wa kamera, ambayo ni ile ile kwa harusi na kwa tembo. Ndiyo maana wapiga picha makini huhifadhi faili ghafi (RAW), ambayo kanuni hiyo haijaigusa. Faili ya biti 14 ina viwango 16,384 vya mwanga kwa kila rangi. JPEG ya kawaida ina 256. Mikunjo ya ngozi iliyozama kivulini hupatikana katika tofauti hiyo. Lakini theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikishaungua kwa mwanga ikawa nyeupe tupu, hata faili ghafi haina cha kukurudishia.

Tuseme mbele yako kuna picha ya Amboseli: familia ya tembo inavuka uwanda, Kilimanjaro nyuma yao. Unaanza kwa kunyoosha upeo, na unaunyoosha kwa kufuata uwanda, kwa kuwa mteremko wa mlima una haki ya kuinama. Unakata kipande cha anga, lakini mbele ya tembo anayeongoza unaacha nafasi ya kutembea. Angani kuna madoa, mengi yakiwa vumbi lililoganda kwenye kihisio. Kabla ya kuyafuta, kuza picha. Doa moja lina mabawa: ni yangeyange, ndege anayefuatana na tembo ili ale wadudu wanaoshtuliwa na nyayo zao. Huyo anabaki. Halafu unafungua kivuli chini ya tumbo la mama, polepole, mpaka mguu wa ndama unaonekana, na hapo unasimama. Ukiendelea, kivuli kitageuka majivu na jua la picha nzima litaonekana la uongo. Ukungu wa buluu ulioko mbele ya mlima unaupunguza kidogo tu. Ukiuondoa wote, Kilimanjaro itasogea mpaka migongoni mwa tembo, kwani ukungu ule ndio umbali wenyewe.

Kazi hii ilikuwapo kabla ya kompyuta. Mmarekani Ansel Adams alipiga picha ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, mwaka 1941, kisha akaishi nayo kwenye chumba cha giza kwa miongo. Mwaka 1948 aliitia dawa sehemu ya chini ya negativu ili mbele ya picha ipate nguvu, na kadiri miaka ilivyokwenda aliichapa anga yake nyeusi zaidi na zaidi. Mwezi na misalaba ya makaburini hakuvihamisha.

Mpaka huo nauheshimu. Mwanga ni wa kuhaririwa. Viumbe si vya kuhaririwa. Huko huko Amboseli, watafiti wa mradi ulioanzishwa na Cynthia Moss mwaka 1972 humtambua kila tembo kwa masikio yake: mipasuko, matundu, mishipa inayochomoza. Mhariri anayeziba mpasuko wa sikio ili tembo apendeze amemfutia utambulisho wake. Shindano la Wildlife Photographer of the Year linaruhusu kukata kingo, kusafisha vumbi la kihisio na kurekebisha mwanga, lakini kuongeza au kuondoa kitu kunamtoa mtu shindanoni. Naona ni haki kabisa.

Siku hizi zana si kikwazo kikubwa. Darktable na RawTherapee ni za bure, na Snapseed inakaa kwenye simu. Ninaowangoja ni vijana wa Voi, jirani na Tsavo, na wa Kimana, jirani na Amboseli, waongoza watalii na askari wa wanyamapori, ambao ile nusu ngumu ya kazi wanayo tayari. Picha ya Tsavo ninayoitamani kuliko zote ni ile itakayohaririwa na mtu ambaye tangu utotoni ameufua udongo ule kwenye nguo zake.